Goethe, jina lililobaki bila wenyewe

Dereva wa bodaboda aliyekuwa akinipeleka darasani Upanga, Dar es Salaam, hakuwahi hata siku moja kulitamka jina la pale nilipokuwa nikienda, Taasisi ya Goethe wanapofundisha Kijerumani, kama walimu wangu walivyotaka. "Dada, leo tena Gote?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Wenzangu darasani walikuwa na ya kwao: Gothe, Geti, Goeti, na kaka mmoja wa Mwanza aliyesoma kila herufi kwa zamu, go-e-the, kwa ujasiri wote wa mtu aliyefundishwa kuwa kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Mwalimu alikunja midomo kama anayepuliza uji wa moto, akitaka tuitoe ile sauti ya ö. Tulicheka, tukashindwa, tukaendelea na vitenzi.

Sasa ninaishi Thuringia, katikati ya Ujerumani, mwendo mfupi wa treni kutoka Weimar, mji alikoishi Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani, na jina lake lile linanifuata kila kona. Kuna barabara ya Goethe, uwanja wa Goethe, shule ya Goethe. Ukienda Frankfurt, chuo kikuu kizima kinaitwa hivyo tangu 1932. Ilinichukua muda kung'amua kuwa kuna kitu kinakosekana: sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Goethe. Akina Müller nimefanya nao kazi mpaka nimechoka kuwatofautisha. Schmidt tulikuwa nao watatu kwenye ghorofa moja. Goethe wa kupeana naye mkono, hapana.

Jibu nililipata makaburini. Weimar ina maziara ya kale, na katikati yake kuna jengo la kuzikia watawala, limeegemeana na kanisa dogo la Kirusi lenye kuba za vitunguu. Watalii wote wanakwenda humo, kwa sababu jeneza la mshairi Goethe limo humo. Mimi nilipotea njia nikaishia ukutani, kwenye kaburi la familia yake, ambako siku ile hapakuwa na mtu. Hapo amelala Walther, mjukuu wake, aliyefariki mwaka 1885. Jiwe linasema kuwa pamoja naye ukoo wa Goethe ulizimika, ukoo ambao jina lake litadumu zama zote. Kitenzi walichotumia ni kile kile cha taa au moto kuzimika. Nilisimama pale nikiwaza: mtu unaandikiwaje hivyo juu ya kaburi lako mwenyewe? Maneno mawili matatu juu yako, mengine yote juu ya babu.

Tuanze mbali kidogo.

Majina ya ukoo huku si ya tangu na tangu. Yalianza kuota mizizi mijini kuanzia karne ya 12 hivi, kwa shida ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua: darasa moja, akina Juma sita. Miji ilijaa akina Johannes na Heinrich, na makarani wa kodi walitaka kujua ni yupi. Basi mmoja akaitwa kwa kazi yake, mwingine kwa kijiji alikotoka, mwingine kwa jina la baba, mwingine kwa pua yake au hasira zake. Ndiyo maana orodha ya majina yaliyojaa kuliko yote Ujerumani inasomeka kama barabara ya mafundi: Müller msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider mshona nguo, Fischer mvuvi.

Goethe si jina la kazi. Wataalamu wa majina wanalieleza kwa njia mbili. Ya kwanza, ni kifupi cha majina kama Gottfried, lenye Mungu mbele na amani nyuma, likakatwa kwa mapenzi nyumbani kama Abdallah anavyokuwa Dula. Ya pili, na mimi ndiyo ninayoipenda, linatokana na neno la Kijerumani cha zamani, göte, yaani baba wa ubatizo. Mzizi huo bado hai Uswisi, ambako mtoto mpaka leo humwita baba yake wa ubatizo Götti. Kwa hiyo huenda palikuwa na mtu kijijini aliyesimamia watoto wa watu wengi mno mpaka wakamwita hivyo tu, Msimamizi, na wanawe wakarithi.

Na kweli lilikuwa jina la kijijini. Baba wa babu yake mshairi, Hans Christian Göthe, alikuwa mpiga viatu vya farasi katika mji mdogo wa Artern, kaskazini mwa hapa ninapoandikia. Mwanawe Friedrich Georg alizaliwa mwaka 1657 katika kijiji cha Kannawurf, akajifunza ushonaji, akaondoka kutafuta maisha. Mafundi vijana wa zamani zile walizunguka miji mpaka wakakomaa, na huyu alizunguka hadi Lyon, Ufaransa, mji wa hariri. Huko akashona nguo za wenye pesa, na huko jina likapata mkufu: akaanza kujiandika Goethé, yenye mkato juu ya e ya mwisho, ili isomeke Kifaransa. Tunawajua watu hawa. Fundi akikaa Dubai miaka miwili, akirudi hata kibao cha dukani kimebadili lugha.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta uhuru wa ibada wa Waprotestanti, na Goethé wetu, Mluteri, akafunga virago. Akafikia Frankfurt, akawa raia wa mji na fundi kamili, na wanawake wa kitajiri wakapenda mishono yake ya Kifaransa. Mke wa kwanza alipofariki, mwaka 1705 alimwoa Cornelia Schellhorn, mjane mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Weidenhof. Sindano ikawekwa chini, mvinyo ukaanza kuuzwa. Alipofariki mwaka 1730 aliacha mali nyingi kiasi kwamba mwanawe Johann Caspar, baba wa mshairi, alisoma sheria, akajinunulia cheo cha mshauri wa Kaisari, na hakuhitaji kufanya kazi ya mshahara maisha yake yote.

Hapa naomba niseme kitu ambacho hakina umuhimu wowote ila kinanifurahisha. Kama ukoo huu ungepata jina kwa kazi, kama jirani zao wengi walivyopata, basi babu angekuwa Schneider au baba yake angekuwa Schmidt. Dereva wangu wa Upanga angeniuliza, "Dada, leo tena Shimiti?" Angelitamka bila taabu. Na leo kusingekuwa na makala hii, maana akina Schmidt hawana wasiwasi wa kwisha.

Upande wa mama nao walikuwa na mchezo wao. Mama yake mshairi alitoka ukoo wa Textor, wanasheria na waheshimiwa wa mji, babu akiwa hakimu mkuu wa Frankfurt. Jina zito, la Kilatini. Ukilivua joho unakuta Weber, mfumaji. Wasomi wa karne za 16 na 17 walikuwa na ugonjwa huo: jina la karakana likitafsiriwa Kilatini, harufu ya karakana inapungua. Hata Christiane Vulpius, mwanamke ambaye Goethe aliishi naye miaka 18 kabla ya kumwoa, alibeba jina lenye mbweha wa Kilatini ndani yake. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa mjukuu wa mshonaji aliyejifanya Mfaransa na wa wafumaji waliojifanya Warumi. Watoto wenzake walimtania kwa habari za babu yule wa nyumba ya wageni, na yeye mwenyewe alipoandika maisha yake uzeeni alimpa babu hakimu nafasi nzuri zaidi.

Mkato wa Kifaransa ulidondoka njiani. Kilichobaki ni oe badala ya ö, na hapa watu wengi hujichanganya. Ile ö yenye nukta mbili ni o iliyoandikiwa e ndogo juu ya kichwa, mpaka e ikachoka ikawa nukta. Göthe na Goethe ni sauti ile ile. Wakati wake watu waliandika vyovyote walivyopenda, na marafiki zake wengi waliandika Göthe bila yeye kupiga kelele. Tena miaka mingi kabla hajazaliwa, Berlin kulikuwa na msanifu majengo wa kasri la Charlottenburg aliyejiita Eosander von Göthe, hata hawakuwa ndugu.

Kelele alizopiga zilikuwa za mzaha. Akiwa mwanafunzi Strasbourg alifahamiana na Herder, mwandishi na mwanafalsafa, aliyemzidi umri kidogo na ulimi sana. Herder akamwandikia kijibarua cha mashairi kuomba kitabu, na ndani yake akachezea jina: wewe uliyetokana na miungu, au na Wagothi wa kale, au na tope. Kwa Kijerumani maneno yote matatu yanafanana na Goethe, ndiyo utamu wake, na ndiyo uchungu wake. Miongo minne baadaye, mzee mwenye sifa dunia nzima, bado alikuwa hajasahau. Aliandika kwamba jina la mtu si joho linaloning'inia mabegani ambalo unaweza kulivutavuta, ni ngozi iliyoota mwilini mwake, huwezi kuikwangua bila kumjeruhi mwenyewe. Nikimsoma hapo nacheka na kumwonea huruma. Babu yake alilikwangua jina hilo hilo kule Lyon na hakutoka hata tone la damu.

Mwaka 1782 Kaisari Joseph II alimpa cheo cha uungwana, na alama yake von, akawa von Goethe. Jina lilikuwa limefika kileleni. Kuanzia hapo ni kushuka, na lilishuka upesi.

Yeye na Christiane walizaa watoto watano, wanne wakafa wachanga. Akabaki August, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1789, wazazi wakiwa bado hawajafunga ndoa. Walifunga Oktoba 1806, siku chache baada ya askari wa Napoleon kuingia Weimar. August alikuwa karani wa baba yake, mpokea wageni wa baba yake, mtunza vitu vya baba yake. Alikunywa sana. Mwaka 1830 alisafiri kwenda Italia, nchi ambayo ilimfanya baba yake azaliwe upya, na huko Roma akafariki, miezi 17 kabla ya mzee. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Waprotestanti ya Roma. Maandishi ni ya Kilatini, na ukiyatafsiri yanasema: Goethe mwana, akimtangulia baba, alifariki akiwa na umri wa miaka 40. Jina lake la kuzaliwa halimo. Kwa August hata kifo kilikuwa cha baba.

Aliacha watoto watatu. Alma alifariki Vienna kwa homa mwaka 1844, akiwa na miaka 16. Walther alisomea muziki, akatunga, na kila alichotunga kilipimwa kwa mizani ya babu. Wolfgang alisomea sheria, akajaribu mashairi, nayo yakapimwa vivyo hivyo. Wote wawili hawakuoa. Waliishi vyumba vya juu vya nyumba kubwa ya babu yao pale Frauenplan, Weimar, chini wakafunga milango. Miaka ya 1840 Shirikisho la Ujerumani lilitaka kuinunua nyumba iwe urithi wa taifa, wakakataa. Watu waliwanung'unikia sana kwa choyo. Mimi siwalaumu. Ukiwa na jina kama hilo, mlango uliofungwa ndiyo mali pekee uliyo nayo.

Wolfgang alifariki mwaka 1883, Walther akafuata miaka miwili baadaye. Wosia wake ulifungua kila kitu: nyumba kwa serikali, karatasi za babu kwa Sophie, mke wa mtawala wa Weimar. Jumba la makumbusho likaanzishwa mwaka ule ule.

Sasa rudi nami kwenye kaunta ya ofisi moja ya mji, mwaka wangu wa kwanza Ujerumani. Jina langu pasipoti inaandika Mwanaidi Salim Bakari. Baba yangu ni Salim Bakari Hamisi. Karani alikuwa na cheti changu cha kuzaliwa mkononi na uso wa mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu. Jina la ukoo la baba ni Hamisi, akasema, lako ni Bakari. Kwa hiyo huyu si baba yako? Ni baba yangu. Mbona ukoo tofauti? Nikamweleza kwamba kwetu Tanga jina ni msafara: mimi, nyuma yangu baba, nyuma yake babu. Akizaliwa mwingine mbele, wa nyuma kabisa anaachwa njiani. Alinitazama kwa muda, akaandika Bakari kwenye sanduku la jina la ukoo, akagonga muhuri. Babu yangu, mvuvi wa Mwambani, amekuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kijerumani bila kuombwa ruhusa. Rafiki yangu wa Moshi, mwenye jina la ukoo wa Kichaga, alipita kaunta ile ile kwa dakika tano.

Tangu siku ile ndipo nilipolielewa jiwe la Walther. Kwa mtindo wetu wa msafara hakuna jina linalozimika, kwa sababu hakuna linalokaa. Kila jina linaishi vizazi vitatu, basi, linapumzika. Kwao jina ni kamba moja ndefu, na kamba hiyo ilishikwa na wanaume tu. Akikosekana mwana wa kiume wa kuishika, imekatika.

Na damu je? Damu ipo. Mshairi alikuwa na dada, Cornelia, mtoto mwingine pekee wa nyumba ile aliyefikia utu uzima. Aliolewa mwaka 1773 na mwanasheria aitwaye Schlosser, akafariki mwaka 1777, miaka 26, baada ya kujifungua mtoto wa pili. Binti yake Luise aliolewa na Nicolovius, akazaa wengi, na kizazi hicho kiliendelea. Kile kilichotoka kwa mshonaji wa Kannawurf kilipita kwa Cornelia kama maji yanavyopita chini ya mchanga. Kikaitwa Schlosser, kikaitwa Nicolovius, kikaitwa vingine. Jiwe la Weimar linaposema ukoo umezimika, linawahesabu waliovaa suruali.

Miaka ile ile ya 1870, Walther akiwa bado anazeeka nyuma ya mlango wake, Waingereza wawili, Francis Galton na mchungaji Henry William Watson, walipiga hesabu ya jambo hili hasa. Galton alikuwa amejiuliza kwa nini koo za watu mashuhuri zinakwisha: je, umaarufu unapunguza uzazi? Watson akaonyesha kuwa huhitaji kisa chochote cha ajabu. Mpe kila mwanamume nafasi ya kutopata mwana, kupata mmoja, wawili, watatu, kisha rudia kizazi baada ya kizazi, na majina yataanguka yenyewe kama maembe. Aliteleza mwishoni akadhani yote yatakwisha, jambo ambalo si kweli, lakini njia yake bado inatumika. Jina linaloanza na watu wengi lina akiba. Jina linaloanza na mtu mmoja mwenye mtoto mmoja linategemea bahati. Schmidt walianza maelfu, kila kijiji kikiwa na mhunzi wake. Tawi la Frankfurt la Goethe lilikuwa limekuwa uzi.

Kuna kitu kingine kilicholifanya adimu lile andiko lenye oe. Tangu Januari 1876, ofisi za serikali za vizazi na ndoa zilipoanza katika himaya yote ya Ujerumani, tahajia iliacha kuwa hiari. Kilichoandikwa na karani kikawa jina. Aliyeandikwa Göthe akabaki Göthe, na kwa sheria ya leo hilo ni jina tofauti na Goethe. Wapo Wajerumani wachache wanaoitwa Goethe hata sasa, ila si wa mshairi. Ni wa vijiji vingine, wa wasimamizi wengine wa ubatizo na akina Gottfried wengine. Marekani pia wapo, na huko Chicago kuna mtaa wa Goethe ambao wenyeji hutamka Gothi, kimya kimya, bila aibu yoyote.

Kuhusu wanaume kushika kamba peke yao, Ujerumani imebadilika, kwa mwendo wa konokono. Mpaka 1976 mke alichukua jina la mume. Baada ya hapo waliruhusiwa kuchagua, ila wakishindwa kukubaliana, la mume lilishinda mpaka Mahakama ya Katiba ilipolikataa hilo mwaka 1991. Tangu Mei 2025 wanandoa wanaweza kuunganisha majina yao mawili, na mtoto akayarithi yote. Cornelia angezaliwa leo, Luise angeweza kuwa Goethe-Schlosser.

Uwanja wa ndege ndio mahali ninapolikumbuka zaidi jina hili, kwa sababu ya zile mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa pasipoti, inayosomwa na mashine. Mashine haijui nukta. Kila ö inageuzwa OE. Kwa hiyo kila Göthe wa Ujerumani, fundi bomba au mwalimu, akivuka mpaka anapita kama GOETHE, kisha akitoka upande wa pili anarudi kuwa yeye.

Mwaka jana nilirudi Dar kwa likizo nikataka kuwasalimia walimu wangu. Bodaboda ya kwanza iliyosimama, kijana mwingine kabisa, hajafika hata miaka ishirini. Nikamwambia ninapokwenda, nikakunja midomo vizuri kama nilivyofundishwa, ö safi ya Thuringia. Akanitazama hajaelewa. Nikaeleza: Upanga, pale wanapofundisha Kijerumani.

"Aaa, Gote! Si ungesema. Panda, elfu tatu."

Nikapanda. Gote, göte, ukiondoa zile nukta mbili, yule kijana alikuwa karibu na Kannawurf kuliko mimi.